Mafuta ya Sambaza

Harufu ya sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, bado hunichefua. Jana mdogo wangu aliwaleta kutoka sokoni Birere, nami nikatoka nje na sahani tupu.

Tulipokuwa watoto, siku chache baada ya kumzika baba, watu wa kazini kwake walikuwa wanakuja kuchukua kompyuta yao kubwa. Ndani yake mlikuwa na programu ambayo baba alituandikia sisi watoto wanne: ilituita kwa majina, kisha ikatuuliza hesabu. Sisi tungebaki na kompyuta ndogo, kuukuu, iliyonuka mende. Niliziunganisha kwa waya kama baba alivyonifundisha, na programu ikaanza kuhamia kwenye ile ndogo, mstari mmoja mmoja. Ikifika yote, ningeihifadhi kwenye kaseti, kwani ile ndogo ikizimwa haikumbuki kitu.

Baba mdogo akaingia na shati mkononi, akitafuna sambaza, mafuta yakimtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Hiyo kitu itaisha saa ngapi?"

"Imebakia kidogo, baba mudogo. Ikizimika, itasahau yote."

"Mashine ya kusahau kama muzee?" Akacheka, vipande vya samaki vikarukia kioo. "Miye naenda misa, na shati haijipigake pasi."

Akachomoa plagi ya ile ndogo kwa vidole vilevile vya mafuta, akachomeka pasi. Kioo kikawa cheusi. Nje, gari la watu wa kazini lilikuwa limeshasimama; hapakuwa na muda wa kuanza upya.

Wadogo zangu waliuliza nani sasa atawauliza hesabu. Nilifuta plagi kwa gauni langu, kisha nikawaita kwa majina, mmoja mmoja. Vidole vyangu vilinuka sambaza.