Mkate Mweusi Chini ya Meza

Mwanangu alijifunza kuamkia kwa Kilithuania kabla hajakubali kuniamkia mimi shikamoo, na jambo hilo liliniudhi wiki nzima. Alikuwa na miaka minane. Alizaliwa London, na Kiswahili alikisikia vizuri, hasa anaposengenywa kwenye simu, lakini kujibu alijibu kwa Kiingereza. Ukimwambia leta maji, maji yanakuja. Ukimwita aitike "naam", unapata "yeah". Nilikuwa nikijifariji kwamba waliozaliwa huku wote ndivyo walivyo. Basi jioni moja namkuta mlangoni kwa jirani, anamwamkia yule mama kwa maneno ya kwao, tena kwa adabu, mikono ameikusanya mbele na kichwa kimeinama kidogo. Nikasimama pale ngazini na mfuko wangu wa viazi, nikaona wivu. Sitaki kulipamba: ulikuwa wivu.

Tulikuwa tukikaa Kilburn, kwenye fleti ya kupanga juu ya duka la mazulia. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, shifti ya mchana mpaka jioni. Watoto skuli wakitoka, mimi ndio kwanza nimo kazini. Miaka yote mtoto alikuwa akikaa kwa shoga yangu, Mpemba, aliyeishi mtaa wa pili. Kisha mumewe akapata nyumba Rayners Lane, mbali na sisi, wakahama, nami nikabaki nimeshika tama. Baba wa mtoto tulikwishaachana na alikuwa mbali. Jamaa zangu wote wako Unguja. Manija wangu hakuzunguka: shifti ya asubuhi hana, na kama ya mchana siiwezi, wako wanaoiweza.

Aliyeniokoa ni jirani wa mlango wa pili, mwanamke wa Kilithuania, mdogo kwangu, aliyekuja miaka ile Walithuania walipoanza kuingia London kwa wingi. Alfajiri alisafisha maofisi. Mchana alikuwa mwalimu, kama alivyokuwa kwao. Walithuania wa zamani, wale waliokimbilia Uingereza baada ya vita vikuu, walikuwa na jumuiya yao ya hisani, na jumuiya hiyo ilikodi chumba nyuma ya kanisa moja ili watoto wa Kilithuania wakitoka skuli wasizagae mitaani. Jirani yangu ndiye aliyewasomesha pale, na alichowasomesha ni tabia njema: kusema kweli, kutimiza ahadi, kumngoja mwenzio amalize kusema, kusafisha ulipochafua.

Mara ya kwanza aliponieleza nilitaka kucheka. Kwetu mambo hayo hayana darasa. Unafunzwa na bibi yako, na usiposikia unafunzwa na kila mpita njia. Lakini huku bibi zetu hawakuwepo, na wa kwao nao hawakuwepo. Mimi nyumbani nilijitahidi kuwa mama na bibi kwa pamoja. Pokea kwa mkono wa kulia. Usimpite mtu mzima kama umeupita mti. Na mkate ukianguka chini, niliuokota, nikaubusu, nikaugusisha kwenye paji la uso, kisha nikauweka juu pasipokanyagwa, kama alivyofanya bibi yangu, na kila mara nilisema maneno yake: chakula si chako, ni amana ya Mungu. Nilikuwa nikiyasema peke yangu. Mtoto macho yake yalikuwa kwenye katuni.

"Mlete," jirani aliniambia. "Mmoja zaidi hanisumbui."

Shoga yangu nilipomweleza kwenye simu alicheka mpaka akakohoa.

"Kanisani? Wewe! Siku utakwenda kumchukua utamkuta na msalaba shingoni."

"Si kanisani. Ni chumba cha nyuma."

"Nyuma ya nini? Si ya kanisa?"

"Mwenzangu, nitafanyaje? Shifti ile manija anataka kumpa mtu mwengine."

"Na chakula wanampa nini? Nguruwe?"

"Mkate na chai."

"Leo mkate," akasema. "Haya, mwana umleavyo. Mimi simo."

Alikuwa akinitania, lakini utani wake uliniingia, kwa sababu hofu hiyo ilikuwa yangu tangu siku ya kwanza. Nilimchunguza mtoto kila jioni kana kwamba katoka safari. Shingoni hakuna kitu. Mdomoni, ndiyo: maneno mapya ya Kilithuania, na kila neno nililihesabu kama moja la kwangu limehama.

Kumbe balaa halikuwa upande wangu. Lilikuwa upande wao. Siku moja jirani aligonga mlango, uso umemshuka. Mwenyekiti wa jumuiya atakuja Alhamisi kulitazama darasa. Chumba kinalipiwa kwa michango ya wazee wenziwe, na sharti lao linajulikana: ni kwa ajili ya watoto wa Kilithuania, wasije wakapotea. Habari za mwanangu mwenyekiti hakuwa nazo.

"Nitamwambia," jirani akasema. "Siwezi kufundisha watoto kusema kweli, kisha nikamfiche mtoto kabatini."

"Akikataa?"

Jibu nililijua mwenyewe. Mtoto akitolewa pale, kazi nayo imekwenda, na kazi ikienda, fleti inafuata. Maji yalikuwa yamenifika shingoni.

Niliomba ruhusa ya Alhamisi kazini, na manija alinipa huku ananitazama kama mtu anayeaga. Asubuhi ya siku hiyo, nikimsuka mtoto kwa ajili ya skuli, nilimpa maagizo. Leo usifanye mambo yetu. Usimbusu mzee mkono, usipige bismillahi kwa sauti, fanya kila wanachofanya wenzako. Uwe kama wao tu.

"What's mambo yetu?" akauliza.

"Unayajua."

Akarudi kuchezea kitana. Nikadhani amekubali.

Mwenyekiti alikuwa mzee mrefu, koti limefungwa vifungo vyote, kofia kichwani na mkongojo mkononi. Chumba kilikuwa na vigingi vya kutundikia makoti, kila kigingi na jina la mtoto. Koti la mwanangu lilikuwa limewekwa kitini, maana hakuwa na kigingi, na jicho la mzee lilitua pale pale. Jirani yangu akamwendea, akamwambia kila kitu kwa lugha yao. Maneno sikuyafahamu ila nilimwona mzee akinitazama mimi, kisha mtoto, kisha koti.

Watoto wakasimama mstari kumwamkia. Zamu ya mwanangu ilipofika, aliamkia kwa Kilithuania safi, mikono mbele, kichwa kimeinama. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho.

"Amesema vizuri," akaniambia kwa Kiingereza, taratibu, bila ya ukali. "Lakini na kasuku husema vizuri, mama. Fedha hizi ni za wazee waliofanya kazi viwandani na mashambani. Walizitoa ili watoto wetu wabaki watoto wetu. Wako ana watu wake."

Mimi nina ulimi, na jibu nilikuwa nimelipanga tangu usiku. Nilitaka kumwambia kwamba na mimi ndiye ninayewaogesha wazee wa watu kila siku na sijamuuliza hata mmoja ni wa kabila gani. Kasuku! Damu ilinichemka mpaka masikioni. Jirani akanishika mkono chini ya mtandio, akanibana. Nikameza. Kilichoniuma zaidi ni kuwa alisema kweli. Ana watu wake, ndiyo, lakini watu wenyewe ndio mimi mmoja, na mimi niko kazini mpaka jioni.

Chai ikaletwa. Mimi nilikuwa nimepika mkate wa ufuta, na jirani alikuwa amekata mkate wao mweusi, mzito, wenye harufu ya uchachu. Watoto wakakaa. Mzee naye akakaa, kofia bado kichwani, na nikaona kwamba akimaliza kikombe chake shauri limekwisha. Watoto wawili walikuwa wakisukumana, na kipande cha mkate mweusi kikaruka kikaanguka chini. Wakacheka. Mmoja akakipiga teke, kikaingia chini ya meza.

Mwanangu akashuka kitini. Akapiga magoti na gauni lake nililolipiga pasi mwenyewe, akajipenyeza katikati ya miguu ya wenziwe, akatoka na kile kipande. Akakipuliza. Akakibusu. Akakigusisha kwenye paji la uso, akatazama huku na huku akitafuta pahala pa juu, kisha akaenda kukiweka kwenye kizingiti cha dirisha.

Mimi nilifumba macho. Nilimwambia asifanye mambo yetu, na katika yote yaliyopo duniani amechagua kuokota kitu sakafuni na kukitia mdomoni mbele ya mwenyekiti. Tumekwisha, nikasema moyoni.

Nilipofumbua, mzee alikuwa amesimama na kofia ameivua. Akamuuliza jirani yangu jambo kwa lugha yao, na jirani akatikisa kichwa kukataa. Ndipo akamgeukia mtoto.

"Nani aliyekufundisha hivyo?"

Mtoto akanitazama, akaona uso wangu, akasitasita. Kisha akaninyooshea kidole. "Mum," akasema.

Mzee akaenda dirishani. Alikichukua kile kipande, akakibusu na yeye, pale pale kilipobusiwa na mwanangu.

"Mama yangu alikuwa akifanya hivi," akaniambia. "Kwetu kila mama alifanya hivi. Ila kwenye paji la uso hatugusishi." Akakirudisha kizingitini. "Nilidhani mimi ndiye wa mwisho aliyeyaona mambo haya."

Kisha akawageukia wale watoto wawili, na ingawa sikufahamu hata neno moja, nilifahamu yote, maana kugombezwa kwa ajili ya chakula kuna sauti moja popote. Waliinamisha vichwa. Alipomaliza na wao, akamuuliza jirani yangu, kwa Kiingereza ili nisikie, mtoto huyu anakuja siku gani.

"Kila siku," jirani akasema.

"Basi mtafutieni kigingi," akasema mzee, akakaa, akanyoosha mkono kwenye mkate wangu wa ufuta. Alikula kipande, akaongeza.

Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu shoga yangu alipohama. Nikakaa kwenye kiti cha watoto, kidogo hicho, na sikuona haya. Nilicheka, machozi yakawa yananitoka, jirani naye akacheka, na mwanangu akawa anatutazama sote kama wendawazimu. Kabla hatujaondoka niliazima simu ya ofisi ya kanisa nikampigia manija. Nikamwambia kesho nipo, na wiki ijayo yote nipo.

Tulirudi kwa miguu, mimi na mtoto, tukipita maduka ya Kilburn yakianza kufunga. Nilikuwa mwepesi hata ningeweza kuimba. Lakini mimi ni mimi, na jambo likinikaa rohoni lazima nilitoe.

"Asubuhi nilikwambia nini?" nikamuuliza. "Sikukwambia leo usifanye mambo yetu?"

Alifikiri kwa hatua kadhaa, mkono wake ndani ya wangu.

"Ulisema mambo yetu," akanijibu, kwa Kiswahili, na matamshi yake ya London. "Lakini mkate si wetu, Mama. Ni wa Mungu. Si unasema kila siku?"

Taa ya kuvukia ikawaka kijani. Nikamshika mkono vizuri, tukavuka.