Barua Kumi na Nne za Prudence

Pu. Hiyo ndiyo sauti ambayo Madamu Kaltum hajaisahau kwa miaka ishirini na miwili: muhuri wa ofisi ulivyotua juu ya nakala ya barua yake ya kuomba kazi. Baada ya wiki mbili aliitwa. Akaliacha duka la vitambaa la baba yake, akaenda kufundisha uandishi na mawasiliano katika chuo kimoja cha Kamenge.

Tangu hapo, kila mwaka huwaambia wanafunzi wake: andika barua safi, ipeleke mwenyewe, usitoke kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa. Barua nzuri haikosi msomaji. Huyasema kwa imani, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia aliyoipita mwenyewe.

Alhamisi, baada ya somo, alikuja Prudence, aliyehitimu miaka mitatu iliyopita. Akapanga mezani nakala za barua zake za kuomba kazi, kumi na nne, kila moja na muhuri wake.

"Na hakuna hata mumoja alijibu?"

"Apana, Madamu. Kule ofisi ya Kigobe sekreteri ananijua sasa. Anauliza mama anaendelea aje, anagonga muhuri, anasema tutaonana." Akacheka kidogo. "Tumekuwa jamaa."

"Basi siku ya ndoa yako umualike."

Prudence hakucheka tena. "Mi nataka unionyeshe kosa. Mama anasema kuanzia Jumatatu nishike meza yake ya nyanya kule soko. Ukiona kosa, nitaandika upya. Kama haliko, naacha."

Kaltum akachukua kalamu nyekundu. Akasoma ya kwanza, ya tano, ya kumi. Sentensi fupi, sababu zimepangwa, heshima isiyojipendekeza. Alitafuta kwa pupa, kama anayetafuta jiwe kwenye mchele uliokwisha kuchaguliwa. Angeweza kusingizia kosa: punguza salamu, geuza aya ya pili. Binti angeondoka na tumaini, akamalize soli za viatu akipeleka barua ya kumi na tano. Wangapi aliwatuma hivyo kwenye milango ya ofisi, na wangapi waliona haya kurudi kumwambia?

Prudence alikuwa akiitazama ncha ya kalamu, asipepese macho.

Kaltum akaweka kalamu chini. Nje ya dirisha darasa la mchana lilikuwa limeanza kujipanga. Akainama karibu na binti, sauti ikawa ndogo kama pumzi.

"Hakuna kosa, mutoto yangu."