Naserian na Sufuria ya Njahi

Wacha niwaambie aibu yangu mimi mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Mama Wambui, maana yeye ataongeza chumvi.

Paka wangu anaitwa Naserian. (Ni jina la mtu, najua, lakini kwa Kimaasai ni mwenye amani, na alikuwa mtulivu tangu mdogo, basi likamkaa.) Nilienda Kajiado kumuuguza dada yangu Noolkishu aliyevunjika mguu, nikamwacha paka hapa Kitengela, jirani Kerubo akimwekea chakula mlangoni, na niliporudi nikamkuta chini ya kitanda, hali, hataki hata maziwa, amejiramba tumbo mpaka manyoya yameisha. Nikaogopa. Tangu mzee wangu Parsaloi aniache, nyumba hii ni mimi na yeye tu.

Lekishon, daktari wa ng'ombe, akalala kifudifudi na tochi akamwangalia. "Kokoo," akasema, yaani nyanya kwa Kimaasai, "huyu alikukosa. Paka akikosa mtu wake, homoni za wasiwasi zinapanda mwilini, anakataa chakula. Keti chini karibu naye, mwongeleshe polepole, usimvute, na nyumba iwe kimya. Kesho akiwa bado hajakula nipigie, paka havumilii njaa kama ng'ombe."

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na bado hajala; nikampigia Lekishon, simu haikushika. Kanisani pasta akauliza nani ako na ombi, nikasimama. Nilitaka kusema paka, lakini nikakumbuka vile walivyomcheka Nanyokie alipoombea punda wake, nikameza hilo neno.

"Mniombee Naserian," nikasema. "Hali, anajificha chini ya kitanda, na daktari amesema ni homoni."

Kanisa likaguna. Mama Wambui akanishika mkono. "Na ni nani amemfanyia hivi?"

"Ni mimi. Nilienda nikamwacha peke yake."

"Usijilaumu, mama. Wasichana wa siku hizi hawalindiki."

Hapo ndipo ningesema. Nikasema amina.

Mchana wakaja, Mama Wambui, Nasieku, Mama Saitoti na wengine, wanaimba tangu kwa lango, na maziwa, na shali ya mtoto, na sufuria nzima ya njahi, yale maharagwe meusi Wakikuyu hupikia mama mzazi. Nikawaambia nyumba iwe kimya, wakaimba kwa sauti ya chini, wote pamoja. Mama Wambui akaingia chumbani akainama.

"Naserian, mwanangu, toka. Hakuna anayekuhukumu."

Akainua shuka, kisha akanigeukia.

"Mama Simaloi, hapa kuna paka."

"Ndiyo."

"Na msichana?"

"Ndiye huyo."

Nasieku alicheka mpaka shali ikaanguka. Mama Wambui hakucheka, alibeba sufuria yake akaelekea mlangoni, na mimi nikakaa sakafuni nikalia. Nikamwambia huyu akifa, asubuhi sitakuwa na mtu wa kusalimia.

Akaweka sufuria chini. Akawatoa wengine nje, akakaa kando yangu, magoti yakilia, tukaongea polepole juu ya njahi, jinsi alivyoichemsha tangu alfajiri. Tulipokuwa tumesahau kutazama, kichwa kikatokea, kikanusa mkono wangu, kikaenda kwa maziwa.

Mama Wambui akaninong'oneza, "Sasa baba ya mtoto ni nani?"

Nimeapa, nikisimama tena kanisani nitaanza na neno paka. Na Noolkishu akiniita Kajiado, Naserian tutaenda naye kwa kikapu. Njahi tulikula sisi wawili, palepale sakafuni.