Karata Aliyoikalia Sajenti

Koultoumi alikuwa mshona kofia wa Mutsamudu, na kama hujawahi kumwona mshona kofia kazini, basi hujui kuhesabu ni kitu gani. Anasimulia harusi ya juzi, anamsengenya jirani, anacheka mpaka machozi, na sindano yake haikosei hata tundu moja la yale maua anayoyadarizi. Ukimuuliza amefika tundu la ngapi, anakutajia bila kutazama.

Mwaka 1981 alipanda meli akaenda Moroni, mji mkuu ulio kisiwa kingine, kumtafuta kaka yake. Mouhidine, mpagazi wa bandarini, alikuwa amechukuliwa na mamluki, wale askari wa Kizungu walioilinda serikali. Ati aligawa makaratasi ya kuipinga serikali hiyo. Kila Koultoumi alipofika kwenye geti la kambi yao, jibu lilikuwa lile lile: hayupo. Miezi mitano ya hayupo! Mwingine angefunga mizigo arudi kwao. Yeye akaomba kazi ya udobi katika nyumba walimolala mamluki wenyewe, akawa anafua magwanda yao na magunia ya nguo na mablanketi yaliyoletwa kutoka kambini. Alitaka kukaa karibu na watu wanaojua.

Huko ndiko alikomkuta Sajenti Rene, mtu mzima na ndevu zake, akitoa jasho barazani kwa ajili ya karata. Alikuwa na kijitabu cha Kifaransa kuhusu mchezo wa ishirini na moja. Kilifundisha njia tatu za kuhesabu karata zilizokwisha kutoka, ili mchezaji ajue zilizobaki ni za namna gani. Sajenti alijaribu zote tatu, na kila jioni alirudi kutoka kucheza kamari hotelini amenuna.

Koultoumi alikuwa na Kifaransa kidogo cha shule. Siku moja, akianika nguo, alikichukua kile kijitabu akasoma ukurasa, kisha wa pili, akasahau nguo mkononi. Njia ya kwanza ilikuwa nyepesi: karata ndogo ikitoka unaongeza moja, mfalme, malkia, ghulamu, kumi au ree, ile karata ya moja, ikitoka unapunguza moja, saba, nane na tisa unaziacha zipite. Ya pili ilizipa karata nyingine uzito wa mbili. Ya tatu ilitaka uhesabu ree peke yake, pembeni, huku hesabu kubwa ikiendelea. Alishika kifua. Kuna binadamu alikaa akayawaza haya! Yeye hachezi kamari na hatacheza, lakini hesabu ni hesabu, na hii ilimtetemesha.

“Unaelewa?” Sajenti alimuuliza kwa dhihaka.

“Nikikuchagulia njia moja na ikawa ndiyo, utaniambia ukweli kuhusu kaka yangu?”

Sajenti akacheka, akakubali. Akataka ya tatu, maana ndiyo ya mabingwa.

“Msiyu, anayejifunza kofia akianzia ua gumu, anaharibu kitambaa,” Koultoumi alimwambia. “Chukua ya kwanza. Hiyo hutaipoteza hata mtu akikusemesha.”

“Nionyeshe.”

Sajenti akachanganya karata, akaanza kuzitupa mezani moja moja, upesi, huku akimuuliza maswali ya kumvuruga: mji wake, mama yake, bei ya karafuu. Koultoumi alichukua kofia aliyokuwa akiishona, akajibu yote na sindano ikienda. Karata ya mwisho ilipoanguka, akaisimamisha sindano. Ndogo na kubwa ziko sawasawa, kwa hiyo hesabu ilipaswa kurudi kwenye sifuri. Haikurudi.

“Imezidi moja,” alisema polepole. “Kuna karata kubwa haikutoka. Umeificha.”

Sajenti akajiinua kitini. Alikuwa amemkalia mfalme wa shupaza.

Wote wawili wakaitazama ile karata. Ya ghaibu anayajua Mungu peke yake, hilo Koultoumi alilelewa nalo na hakulitilia shaka. Lakini hapa kitu kilichofichwa kilikuwa kimejulikana kwa pengo lake tu, na aliyekijua ni yeye, dobi. Aliogopa, na alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi tangu aje Moroni.

“Sasa kaka yangu.”

Sajenti alizikusanya karata. “Niliangalia tangu ulipoanza kuuliza. Jina lake halimo kwenye orodha. Mle kambini wako wafungwa tisa, na wote nawajua.”

“Wafungwa wanalala na blanketi ngapi?”

“Moja moja. Kwa nini?”

“Kila Jumatatu nafua mablanketi yao,” alisema Koultoumi. “Ni kumi. Yote kumi yanakuja yananuka jasho la mtu.”

Sajenti alizipanga karata ambazo zilikuwa zimekwisha kupangika. Kisha akainuka, akavaa kofia yake.

“Mletee kaka yako shati,” alisema bila kumtazama. “Dogo. Amekonda sana.”