Weupe Alioona Mwalimu Mutiso

Mwanangu, kuna siku moja ya mtaani kwetu Komarock ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyooa, na siikumbuki kwa raha. Ilikuwa miaka ya tisini, mwishoni. Jirani yetu Mwalimu Mutiso, aliyestaafu kufundisha hesabu, alikuwa anapofuka polepole. Rafiki yake wa ng'ambo alimletea darubini yenye kamera ya kuunganishwa na kompyuta. Mzee alikuwa na haja moja tu: siku mwezi utakapopita mbele ya jua, auone kwa ukubwa kwenye skrini, kabla macho hayajafunga kabisa.

Mimi ndiye niliyesomea kompyuta pale mtaani. Wee! Kozi ya miezi mitatu na kichwa kishavimba. Mwalimu akaniambia, "Programu ya kamera ikikuuliza, soma kila swali. Imekuja na majibu yaliyojazwa tayari kwa watu wanaopiga picha nyota hafifu, kamera inakaa wazi dakika nzima. Sisi tunapiga picha jua."

Nikamjibu, "Tulia, Mwalimu. Hiyo mashine inajua kazi yake." Sikio la kufa, mwanangu, halisikii dawa.

Siku ikafika. Darubini tuliiweka uani na kioo chake cheusi cha kukinga jua, kompyuta ikawa sebuleni, mapazia yamefungwa. Majirani walibaki nje wakingoja kuitwa. Programu ikauliza maswali yake, nami nikabonyeza kukubali, kukubali, kukubali, bila kusoma hata moja. Picha ikaja. Skrini nzima nyeupe pe! Kamera ilikuwa imekaa wazi mno, mwanga ukafuta kila kitu.

Kabla sijafungua mdomo, Mwalimu aliinama hadi pua ikakaribia skrini. Akaitafuta picha kona hadi kona. Kisha akasema, "Basi. Macho yamekwisha. Naona weupe mtupu."

Nami sikumwambia kwamba hata mimi naona weupe uleule. Nikamwacha mzee wa watu aamini kwamba amepofuka, kisa niliona haya. Akafumba macho, akaenda chumbani akipapasa ukuta. Jua lilikuwa bado limemegwa na mwezi. Ningebadilisha namba moja tu, ile ya muda wa kamera, nimwite arudi aone. Nje kijana mmoja akaita, "Niaje, picha imeshika?" Nikazima kompyuta, nikawaambia Mwalimu hajisikii vizuri, waende.

Wiki tatu nilikwepa mlango wake. Nilipopata moyo wa kwenda, nilikuta rafu tupu: vitabu vyote ameshagawa, na miwani pia. Nikaungama. Mkewe, Mama Ndunge, akashika mdomo.

 Mwalimu akasema, "Picha ningekusamehe siku ileile. Lakini macho yalikuwa yamebaki kidogo, kijana. Wiki tatu nimeyafumba, nikidhani hayana kazi tena, kwa sababu yako."

Mwezi uliofuata hata hicho kidogo kilizimika. Nililia kama mtoto.

Kwa hiyo nisikilize. Ukishika chombo, usikubali tu majibu aliyoyaacha mtu mwingine ndani yake. Yeye hakujua wewe unataka kupiga picha ya nini. Soma, na usipoelewa, uliza. Na ukikosea, sema hapo hapo, watu wakucheke wachoke. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha kosa dogo la kidole, likamwangukia mtu aliyeniamini.

Mungu akujalie kuliona kosa lako kabla mwenzako hajalilipia, akupe na ulimi wa kulisema mchana kweupe. Ubarikiwe, mwanangu, wewe na wote watakaokuamini.