Yule Jamaa wa Behewa

Nimechoka, rafiki yangu. Sisemi nimezeeka, maana mwanaume mwenye ghorofa yake Tassia hazeeki hivi hivi tu, lakini magoti yananipigia kelele nikipanda ngazi ambazo nilizimwagia zege kwa mikono yangu mwenyewe. Juzi nilishuka mpaka mtaa wetu wa zamani hapa Eastlands, Nairobi, ule ulio kando ya reli. Nilisikia kuna nyumba zitavunjwa, na mimi hununua mabati na milango ya nyumba zilizovunjwa. Biashara tu, sikwenda kulia. Pale kituo cha basi nikaomba njugu. Kijana akanipa kapakiti ka plastiki kalikozibwa kwa moto wa mshumaa.

"Karatasi ziko wapi?" nikamuuliza.

"Karatasi za nini, mzee?"

Nikaketi kwenye ukingo wa mtaro na suruali yangu nzuri. Ngoja nikwambie karatasi za nini.

Aliyenilea ni Shosho, nyanya yangu, katika chumba kimoja chenye pazia katikati. Aliuza njugu karibu na mfereji, lile bomba ambalo mtaa mzima ulikuwa ukichotea maji. Nikifumba macho bado nasikia mwiko wake ukikwaruza karai, njugu na chumvi zikigongana, na moshi wa makaa ukipanda mpaka kwenye sare yangu ya shule. Darasani waliniita Njugu, na hawakukosea, nilinuka hivyo. Kazi yangu ilikuwa kukunja karatasi ziwe kama pembe, ncha chini, mdomo juu. Hakuna mtu Barabara ya Jogoo yote aliyekunja kunishinda. Pembe zangu hazikuvuja hata punje.

Karatasi tulipewa na jirani tuliyepakana naye ukuta. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji kule Industrial Area, na mwisho wa wiki alimletea Shosho mabaki yaliyokatwa na mashine, upande mmoja mweupe kabisa. Sasa mimi nikiona karatasi nyeupe, mkono uliniwasha. Nilikuwa darasa la sita, na nilikuwa nimeamua nitakuwa mwandishi wa hadithi. Usicheke. Sikuwa nimewahi kumwona mwandishi hata mmoja. Nilidhani ni kazi kama useremala, unaamka asubuhi unaenda.

Hadithi yangu ilikuwa moja tu, ndefu. Kibarua wa kupakia simiti analala ndani ya behewa la mizigo, mlango unafungwa kwa nje, gari moshi linaondoka. Hajui anapelekwa wapi. Anachungulia kwenye ufa na kuona nchi ikipita. Niliipata kwa kusikiliza tu mabehewa yakigonganishwa ng'ambo ya ukuta wa reli. Kurasa nilizificha chini ya godoro.

Siku moja nikajipa moyo nikampelekea mwalimu wa Kiswahili kurasa za kwanza. Alizisoma akiwa amesimama. Akaketi, akazisoma tena.

"Umenakili wapi?"

"Sijanakili, mwalimu."

"Mtoto wa njugu haandiki hivi. Umenakili wapi?"

Nilikula viboko. Leo vibarua wangu nawahadithia jambo hilo kwa maringo: nitajieni msomi yeyote aliyewahi kuchapwa kwa kuandika vizuri kupita kiasi! Wanacheka, nami nacheka. Nusu ya pili huwa siwaambii. Tangu siku ile, kila sentensi nzuri iliyonijia nilijiuliza niliisikia kwa nani.

Siku moja karatasi zikamwishia Shosho wateja wakiwa wamesimama. Yeye hakujua kusoma. Kwake karatasi ilikuwa karatasi. Akainua godoro. Niliporudi kutoka shule jamaa yangu wa behewa alikuwa ameuzwa mzima, na chumvi juu. Nililia nikagaragara.

"Unalilia nini?" Shosho akasema. "Zimetoka zote. Hata njugu za chini zilizoungua zimetoka."

Jioni alinituma maji. Pale mfereji nikakuta watu wamezunguka ndoo, kila mmoja na karatasi yake yenye mafuta. Soja mmoja aliyelinda godauni, mwenye koti kubwa la kijeshi, ndiye aliyekuwa akisoma kwa sauti.

"Nani ana pale mlango unafungwa?" akauliza. "Mimi nina pale ameshalia."

"Mimi ninayo, lakini nimemfutia mtoto pua."

"Ng'ombe wewe! Isome hivyo hivyo!"

Mama mmoja wa kutoka Kisumu, aliyeuza omena, wale samaki wadogo wa ziwani, akatikisa karatasi yake juu. "Yawa! Mjinga gani ameandika hii? Eti amefika ziwani, upepo unaleta chumvi mdomoni. Ziwa letu lina chumvi tangu lini? Huyu hajatoka hata Nairobi!"

Wakacheka mpaka maji yakafurika kwenye ndoo. Nami nikatamani ardhi inimeze, maana alisema kweli. Safari yangu ndefu ilikuwa mpaka Pumwani kwa miguu. Basi Shosho, aliyekuja kuona nimekawia wapi, akaninyooshea kidole. "Ni huyu mjukuu wangu anayechafua karatasi."

Kicheko kikakatika. Soja akaniangalia kutoka miguu hadi kichwa. "Wewe? Wewe ndiye umemfungia mwanaume wa watu ndani ya behewa?"

"Ndiyo, mzee."

"Usimtoe haraka," akasema. "Lakini asife, unanisikia? Akifa, mimi na wewe."

Mama wa omena akanishika bega. "Kijana, kabla hujaandika ziwa, kuja uniulize."

Kuanzia hapo nilikuwa mtu. Kila jioni niliandika ukurasa mmoja, Shosho akaukunja pembe akauchanganya na zile nyeupe. Nani ataupata? Watu walinunua mbili, tatu, wakiutafuta. Aliyeupata aliusoma pale mfereji, na wote walisubiri, ndoo zimejaa, mboga zinaungua majumbani. Kampuni za soda zilikuja kuweka zawadi chini ya kifuniko baadaye sana. Mimi nilikuwa nimeshavumbua. Shosho, ambaye hakujua hata herufi yake ya kwanza, akawa ananiamuru: "Andika. Leo hali ya hewa ni nzuri, watatoka wengi."

Halafu wakaanza kuuliza mlango. "Anatoka lini, kijana? Tumechoka naye." Soja hakuuliza tena kwa mzaha. Siku hizo na yeye alishinda akifungiwa ndani ya godauni kwa nje, zamu yote, kwa sababu tajiri wake hakuwaamini walinzi. Aliniambia hivyo kwa sauti ya chini, akisafisha koo.

Nikajaribu. Nikamtoa kwa polisi wa reli. Nikaona hiyo nimeisikia mahali. Nikamtoa kwa mwanamke aliyekuwa akiokota makaa relini, hiyo pia. Nikamvunjisha mlango kwa chepe. Kila mlango niliofungua, mwalimu alikuwa amesimama nje akiniuliza nimenakili wapi. Nikachana zote. Jioni ile niliyokuwa nimewaahidi kwamba atatoka, Shosho aliuza pembe nyeupe tupu. Soja alizinunua akafungua moja moja, akazigeuza huku na huku. Ya mwisho hakuitupa. Aliikunja akaiweka mfukoni mwa koti.

Hazikupita siku nyingi kifua cha Shosho kikaziba, wajomba wakampeleka kijijini kwa basi, na hakurudi. Nilimaliza darasa la saba nikaenda kupakia simiti. Mengine unayajua: simiti, mbao, mabati, ploti, ghorofa. Nimejenga, nisikudanganye.

Basi juzi, nilipoinuka kwenye ule mtaro, nikapita mfereji. Umebaki msingi wa saruji na kutu. Kwenye kizingiti cha nyumba iliyo karibu alikuwa ameketi mzee, macho yamepata ukungu, koti kubwa mabegani jua lote lile. Nikamwamkia shikamoo. Akainamisha kichwa, akanusa kapakiti ka njugu mkononi mwangu.

"Wewe si yule wa kwa mama njugu?"

"Ndiye mimi, mzee. Siku hizi nina ghorofa Tassia."

Ghorofa haikumhusu. Alinishika kifundo cha mkono. "Yule jamaa wa behewa," akasema, "alitoka?"

Miaka yote ile, rafiki yangu.

"Bado, mzee. Yumo."

Akatafuna ufizi. "Basi mtoe," akasema. "Mimi sikai sana."

Sikununua bati hata moja. Mfereji utang'olewa pamoja na msingi wake, jirani wa uchapaji sijui alikoishia, mama wa omena alizikwa kwao karibu na maji yasiyo na chumvi, na watu siku hizi wanakula njugu bila kusoma kitu. Usomaji ule ulikuwa wa watu waliosimama na ndoo, na hakuna tena sababu ya kusimama pamoja. Jana nilifunga duka langu la mabati mapema, nikachukua karatasi nyeupe, nikaketi kumtoa yule mtu. Nimeandika mpaka mkono umekufa ganzi. Nikisoma sasa naona nimeandika haya uliyoyasoma, na yeye bado anachungulia kwenye ufa.