Mwenyekiti Aliyejitoa Nje

Kwa miaka kumi na tisa Harold Pardew alikuwa mwenyekiti wa baraza la kijiji cha Nether Cobley, na kwa miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumkuta amevunja kanuni. Kijiji kina nyumba mia na arobaini, baa moja, kanisa linalovuja na basi linalopita Jumanne na Ijumaa likijisikia. Mambo ya kuamuliwa ni kinyesi cha mbwa, nyasi za makaburini na taa ya njia ya shule. Harold aliyaendesha utadhani ufalme mzima umesimama nje ukisubiri majibu.

Kanuni aliyoipenda kuliko zote ni ya kumi na nne, aliyoitunga mwenyewe. Mjumbe mwenye maslahi katika jambo linalojadiliwa sharti atangaze, ainuke, atoke nje, na mlango ufungwe. Akitaka kibali cha kubaki, amwandikie karani siku saba kabla ya kikao. Ajenda yenyewe hubandikwa ubaoni zikiwa zimebaki siku tatu. Ulipomuuliza Harold barua hiyo itaandikwaje, alikujibu kwamba mjumbe makini hujua mambo mapema.

Pam Lovibond, mkunga mstaafu mwenye ulimi usiojua likizo, aliwahi kutolewa nje kwenye mvua kwa kanuni hiyo. Baraza lilikuwa linajadili kupunguza michongoma karibu na bustani yake.

"Hiyo michongoma iko mbali na kwangu, hatua kumi nzima," Pam alilalamika.

"Nne," Harold alimjibu. "Nimezipima asubuhi."

Pam akatoka. Alipata mafua ya wiki mbili, na Harold akampelekea supu, kwa maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kanuni tu, jambo ambalo kwa jirani linachosha zaidi.

Tangu mkewe Joan afariki, alibakiwa na vitu viwili vya kumtoa kitandani: baraza na kishamba chake cha mboga. Nyuma ya ukumbi wa kijiji kuna ardhi ya baraza, vipande kumi na viwili wanavyokodishiwa wanakijiji wapendao kulima. Chake kilikuwa namba tatu. Yeye na Joan walikianza wakiwa bado vijana, na liki zao, zile mboga za jamii ya kitunguu, zilikuwa nene hadi watu wakasema wanazipa dawa. Kila Jumamosi Harold alipalilia huku akimsimulia Joan habari za wiki, kwa sauti kabisa. Alidhani hakuna anayejua. Kijiji kizima kilijua, na kilikuwa kinapita njia nyingine ili kisimkatize.

Ndipo Jumatatu moja ya Novemba karani, Bibi Tozer, akabandika ajenda ya kikao cha Alhamisi. Namba nane ilisema: kugeuza vishamba kuwa maegesho ya magari, na mambo yanayohusiana nayo. Mleta hoja alikuwa makamu mwenyekiti, Giles Dunning, aliyehamia kutoka London miaka miwili nyuma akiwa na magari matatu na nia njema isiyo na breki. Harold aliisoma mara mbili. Akahesabu siku kwenye vidole, akakumbuka ni nani aliyeandika hiyo saba.

Alhamisi, kikao kilipofika namba nane, Bibi Tozer akauliza nani ana maslahi. Mikono minne ikainuka: Harold, Pam na wazee wawili walima viazi, wote wenye vishamba. Kati ya wajumbe saba wangebaki watatu, akidi kamili: Dunning, mwalimu wa shule aliyechoka kuegesha kwenye matope, na mzee Osgood, ambaye kwa kawaida huanza kusinzia ajenda ikifika namba tatu.

"Kwani lazima?" Pam akasema. "Tubaki zetu hapa kimya. Nani atatutoa?"

"Nitawatoa mimi," Harold akasema, akaenda kuwashikia mlango.

Wakajipanga jikoni mwa ukumbi, wanne na birika moja. Pam akasogeza sikio kwenye kidirisha cha kupitishia chai.

"Toka hapo, Pam. Kidirisha nacho ni mlango."

"Harold, acha ujinga. Ukigonga sasa hivi ukasema hapana, Dunning ataogopa. Yule anakuogopa."

"Nikigonga, nitakuwa nilikutoa nje kwenye mvua bure."

"Mimi nimeshakusamehe mvua. Je, Joan utamwambia nini Jumamosi?"

Harold akamtazama, akajua kwamba walikuwa wanajua. Aibu ilimpanda, na chini ya aibu kulikuwa na maumivu matupu. Alitaka kuusukuma ule mlango kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alijaza maji kwenye birika.

Dakika kumi na moja baadaye Bibi Tozer akawaita. Hoja imepita, wawili kwa mmoja. Aliyepinga ni Osgood, usiku wa kwanza kuwa macho tangu Pasaka. Harold akakaa kwenye kiti chake, kwa kuwa mwenyekiti ndiye husoma uamuzi. Wanakijiji wanne walikuwa wamekuja kusikiliza.

"Baraza limeamua," akasoma, "vishamba vyote kumi na viwili vifungwe mwezi Machi. Kwa kutambua utumishi wa muda mrefu wa mwenyekiti, maegesho yataitwa..."

Dunning alikuwa anatabasamu, mikono tayari kupiga makofi. Harold alirudia mstari, akakwama palepale. Pam akanyoosha mkono akaichukua karatasi.

"Na wewe una maslahi, Pam," Harold akanong'ona.

"Nyamaza, mzee wangu," Pam akasema, akasimama, akalisoma jina la Harold mpaka mwisho.